Asilimia 60 ya Nini? Jinsi Lengo la Umeme Jadidifu Linavyoandikwa Ndani ya Kompyuta



Tunasikia mara kwa mara kwamba nchi hii au ile imejiwekea lengo: ifikapo mwaka 2030, 2035 au 2050, asilimia 60, 80 au hata 100 ya umeme wake itatoka katika vyanzo jadidifu, yaani jua, upepo, maji, jotoardhi na mabaki ya mimea. Habari za namna hiyo tunazipokea kwa furaha, hasa sisi tuliosoma Waraka wa Kitume Laudato Si' na kuupenda. Lakini asilimia ni neno linalodai kukamilishwa. Asilimia 60 ya nini? Nani anaihesabu, na ni nini kimeachwa nje ya hesabu?

Katika Wosia wa Kitume Laudate Deum wa tarehe 4 Oktoba 2023, Hayati Baba Mtakatifu Francisko alitaka mpito wa nishati uwe na sifa tatu: ulete matokeo kweli, uwe wa lazima, na uweze kufuatiliwa kwa urahisi. Wengi tulizisoma sifa hizo kama wito kwa wanasiasa, na ndivyo zilivyo. Hata hivyo, kila moja ina mahali pake pia ndani ya programu za kompyuta ambazo wataalamu wa nishati huzitumia kupanga umeme wa nchi kwa miaka 20 au 30 ijayo. Makala hii inaingia humo ndani. Haihitaji hisabati zaidi ya kujumlisha na kuzidisha.

Programu zenyewe

Programu hizi huitwa modeli za mfumo wa nishati. Mojawapo iliyo maarufu ni LEAP, inayotunzwa na Taasisi ya Mazingira ya Stockholm, na chimbuko lake liko hapa kwetu Afrika Mashariki: ilitengenezwa mwaka 1980 kwa ajili ya mradi wa Taasisi ya Beijer uliochunguza kuni nchini Kenya. Nyingine ni OSeMOSYS, iliyotangazwa rasmi mwaka 2011, ambayo ni ya bure na kanuni zake zote ziko wazi. Mtu yeyote anaweza kuzisoma mstari kwa mstari. Kwa OSeMOSYS ndiyo ilijengwa modeli ya umeme ya bara la Afrika inayoitwa TEMBA. (Jina hilo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza, msomaji anayefikiria tembo asilaumiwe.)

Kazi ya modeli ni rahisi kueleza. Unaipa orodha ya mitambo iliyopo na inayoweza kujengwa, gharama ya kujenga na kuendesha kila mmoja, na kiasi cha umeme ambacho watu watahitaji kila mwaka. Yenyewe inatafuta mchanganyiko wa bei nafuu kuliko yote utakaotosheleza mahitaji hayo. Haijui kingine. Haina huruma kwa misitu wala chuki kwa makaa ya mawe. Inajua gharama na masharti tu. Basi ukitaka iheshimu jambo fulani ambalo si gharama, lazima ulichukue jambo hilo na kuliandika kama sharti. Lengo la umeme jadidifu ni sharti la aina hiyo: "tafuta njia ya bei nafuu kuliko zote, lakini usilete jibu lolote ambalo umeme jadidifu uko chini ya asilimia hii."

Nchi ndogo ya mfano

Tuchukue nchi ya kubuni ili tuone sharti hilo linavyofanya kazi. Nchi hii inahitaji uniti milioni 1,000 za umeme kwa mwaka. (Uniti ni ileile tunayonunua kwa LUKU, kilowati-saa moja.) Uniti milioni 600 zinatumika mchana na milioni 400 usiku. Ina bwawa linaloweza kutoa uniti milioni 300 kwa mwaka, mchana au usiku kadiri waendeshaji wanavyotaka, kwa shilingi 100 kila uniti. Ina gesi ya kutosha kwa shilingi 160. Ina jua kwa shilingi 200, ambalo kwa kawaida yake halitoi umeme usiku. Na inaweza kuhifadhi umeme wa jua kwenye betri hadi usiku, lakini hapo uniti inafika shilingi 380. Bei hizi ni za kubuni kama nchi yenyewe.

Bila sharti lolote, modeli itatumia maji yote, uniti milioni 300, na zilizobaki milioni 700 itazitoa kwenye gesi. Umeme jadidifu ni asilimia 30. Gharama ya mwaka ni shilingi bilioni 30 za maji na bilioni 112 za gesi, jumla bilioni 142.

Sasa andika lengo la asilimia 25. Nini kinatokea? Hakuna. Nchi imeshavuka asilimia 25 bila kusukumwa, na jibu la modeli linabaki lilelile. Jambo hili halifanyiki katika nchi za kubuni tu. Kenya leo inapata karibu asilimia 90 ya umeme wake kutoka vyanzo jadidifu, hasa jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo. Mtu akiiandikia modeli ya Kenya lengo la asilimia 60, ameandika pambo. Kwa hiyo mtengeneza modeli mwangalifu huendesha kwanza modeli bila lengo, aone nchi ingefika wapi yenyewe, kisha ndipo aweke lengo. Asiyefanya hivyo anaweza kusifiwa kwa ahadi isiyobadilisha hata taa moja.

Andika asilimia 50. Modeli inaondoa uniti milioni 200 za gesi mchana na kuweka za jua. Kila uniti inaongeza shilingi 40, yaani nyongeza ya shilingi bilioni 8 kwa mwaka. Endelea hadi asilimia 90. Sasa modeli inafanya jambo la busara ambalo hukuiambia: inalisogeza bwawa lote kwenda usiku, inaliachia jua mchana wote, na gesi inabaki uniti milioni 100 tu za usiku. Nyongeza ni bilioni 24, na gharama yote ni bilioni 166.

Hatua ya mwisho, kutoka asilimia 90 hadi 100, ndiyo inayofundisha. Uniti milioni 100 za usiku zilizobaki hazina pa kutoka isipokuwa kwenye betri. Kila moja inaongeza shilingi 220 badala ya 40. Nyongeza ya hatua hii peke yake ni bilioni 22, karibu sawa na gharama ya safari nzima kutoka 30 hadi 90. Programu nzuri hukuonyesha namba hiyo bila wewe kuikokotoa: katika majibu yake, karibu na kila sharti, kuna thamani inayoeleza uniti moja zaidi ya utii ingegharimu kiasi gani. Chini ya asilimia 30 ni sifuri, kati ya 30 na 90 ni shilingi 40, juu ya hapo ni 220. Kama ningepewa ukurasa mmoja tu wa majibu ya modeli, ningechagua huo.

Mfano huu usimfanye mtu aone asilimia 100 kuwa ndoto mbaya. Bei za paneli na betri zimeshuka sana katika miaka hii, na kila zinaposhuka ile 220 inapungua. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba usiku ndio unaoamua. Modeli isiyogawanya siku katika mchana na usiku, inayojua jumla ya mwaka tu, ingesema asilimia 100 inagharimu nyongeza ya bilioni 28, kwa sababu ingedhani jua la saa saba mchana linaweza kuwasha taa za saa mbili usiku. Kweli ni bilioni 46. Ndiyo maana OSeMOSYS na wenzake huugawa mwaka katika vipande: mchana na usiku, masika na kiangazi, siku za kazi na Jumapili ikibidi. Katika nchi zetu, ambako matumizi hupanda jioni watu wanaporudi nyumbani, modeli yenye vipande vichache mno hulipendelea jua kupita kiasi.

Halafu kuna ukame. Tuseme bwawa letu linatoa nusu tu, uniti milioni 150. Lengo la asilimia 90, ambalo katika mwaka wa mvua nzuri lilihitaji nyongeza ya bilioni 24, sasa linahitaji jua lote la mchana pamoja na uniti milioni 150 za betri: bilioni 24 na bilioni 33, jumla bilioni 57. Watanzania wanaokumbuka mgao wa mwaka 2006 na ule wa 2011, na Wakenya waliopitia mgao wa 1999 na 2000, hawahitaji kuelezwa kwamba bwawa lina miaka yake. Modeli inayotumia mvua ya wastani kila mwaka kwa miaka 30 inapanga nchi ambayo haipo. Angalau igeuzwe na kuendeshwa mara ya pili kwa miaka mikavu.

Alama tatu

Katika OSeMOSYS lengo linaandikwa kwa kujaza mahali patatu. Kwanza unaweka alama kwa kila mtambo: 1 kama unahesabika kuwa jadidifu, 0 kama hauhesabiki. Sehemu hiyo inaitwa RETagTechnology. Pili unaweka alama kwa bidhaa inayopimwa, ambayo kwetu ni umeme. Hiyo ni RETagFuel. Tatu unaandika asilimia yenyewe kwa kila mwaka katika REMinProductionTarget, kama sehemu ya moja: 0.6 ni asilimia 60. Programu inajumlisha uzalishaji wa mitambo yenye alama, inaulinganisha na asilimia ile ya bidhaa yenye alama, na kukataa jibu lolote lililopungua. LEAP ina utaratibu wa jamaa na huu: unasema ni mitambo ipi inayostahili, kisha unaandika lengo la asilimia.

Inaonekana ni kazi ya dakika kumi, na hapa ndipo modeli nyingi huharibika kimyakimya. Umeme katika modeli huonekana mara mbili au tatu: unapotoka mtamboni, unapopita kwenye njia kuu, unapofika kwa mteja. Mtu akiweka alama kwenye hatua zote, umeme uleule unahesabiwa mara kadhaa upande wa jumla, na lengo linakuwa gumu kuliko alivyokusudia. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi kwa sababu linapendeza. Katika muundo wa kawaida wa OSeMOSYS, alama ya mtambo huhesabu kila kitu ambacho mtambo huo unazalisha, uwe umeme au la. Ukiipa alama ya 1 ile sehemu ya modeli inayoleta kuni au mabaki ya miwa, kisha ukaupa alama pia mtambo unaozichoma, uniti zimeingia mara mbili upande wa sifa. Jiko la kuni likipewa alama, moto wa ugali unahesabiwa kana kwamba ni umeme. Lengo linafikiwa, mchoro unapendeza, na hakuna paneli hata moja iliyoongezeka.

Dawa yake ni ya kizamani: chukua mwaka mmoja, toa namba za kila mtambo, zijumlishe kwa mkono. Zikikataa kulingana na asilimia iliyoandikwa, rudi kwenye alama.

Lakini alama ina swali lingine ambalo kompyuta haliwezi kulijibu: ni nini hasa kinachostahili 1? Mabwawa makubwa yanahesabika? India, kwa miaka mingi, haikuyahesabu mabwawa yanayozidi megawati 25 katika malengo yake ya umeme jadidifu. Mwezi Machi 2019 ikabadili msimamo na kuyahesabu. Mito haikubadilika siku ile. Kilichobadilika ni alama.

Kwetu Tanzania swali hilo lina uzito wa pekee. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Mashine ya kwanza ilianza kuzalisha Februari 2024, wakati mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima yalikuwa chini ya megawati 2,000. Ukilipa bwawa hilo alama ya 1, Tanzania inafikia karibu lengo lolote la kawaida bila kujenga kingine. Ukilipa 0, nchi ileile inaonekana kuwa ya gesi. Mimi nadhani linastahili 1, kwa kuwa maji hurudi kila mwaka na hayachomi kitu. Hata hivyo, ningeomba ripoti iandike asilimia mbili, moja pamoja na bwawa na nyingine bila bwawa, ili msomaji ajue nchi imeegemea mto mmoja kiasi gani.

Megawati si uniti

Kuna kosa moja ambalo hata magazeti makubwa hulifanya. Megawati hupima uwezo wa mtambo. Uniti hupima umeme uliotoka. Mtambo wa jua wa megawati 100 unaozalisha kwa wastani asilimia 20 ya uwezo wake hutoa uniti milioni 175.2 kwa mwaka. Mtambo wa gesi wa megawati 100 ukifanya kazi kwa asilimia 80 hutoa milioni 700.8. Nchi yenye mitambo hiyo miwili inaweza kutangaza kwamba nusu ya uwezo wake ni jadidifu, na ni kweli. Umeme wake jadidifu ni asilimia 20.

Hivyo tunaposoma kwamba mkutano wa COP28 kule Dubai, Desemba 2023, uliitisha kuongezwa mara tatu kwa nishati jadidifu duniani ifikapo 2030, tukumbuke kuwa kilichotajwa ni uwezo wa mitambo. Ni lengo zuri. Lakini mtu akilihamisha na kuliandika kwenye modeli kama lengo la uzalishaji, ameandika jambo jingine. Programu zina sehemu tofauti kwa kila aina: kiwango cha chini cha uwezo wa mtambo fulani ni sharti moja, asilimia ya uzalishaji ni jingine.

Na hata uwezo uliokwisha kusimama si umeme. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana nchini Kenya, wenye mitambo 365 na megawati 310, ulikamilika mwaka 2017, lakini njia ya umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilometa 400, ilikuwa haijakamilika. Mitambo ilisimama ikipigwa na upepo zaidi ya mwaka mmoja hadi ilipounganishwa na gridi Septemba 2018. Modeli isiyo na njia za kusafirisha umeme ndani yake ingeuhesabu upepo ule wote kuelekea lengo.

Niongeze kwa kifupi kwamba lengo la asilimia 60 halisemi lolote kuhusu 40 zilizobaki. Modeli itachagua cha bei nafuu, na kama makaa ya mawe ni nafuu kuliko gesi itayachukua bila aibu. Anayetaka kupunguza hewa ya ukaa aandike sharti la hewa ya ukaa pia.

Miaka ya katikati

Mwenye haraka huandika lengo katika mwaka mmoja tu: 2035, asilimia 60, na miaka mingine anaiacha tupu. Modeli, kwa kuwa fedha ya kesho katika hesabu zake ni nyepesi kuliko fedha ya leo, itangoja. Itaendelea na gesi hadi 2034, kisha ijenge kila kitu kwa mwaka mmoja, jambo ambalo hakuna wizara, bandari wala fundi anayeliweza. Na mwaka 2036 ulioachwa tupu, sharti halipo tena. Mitambo iliyokwisha kujengwa itabaki, lakini mahitaji mapya yote yanaweza kurudi kwenye gesi. Tunawajua waamini wa namna hiyo, wanaoonekana kanisani Jumatano ya Majivu.

Kwa hiyo lengo huandikwa kama ngazi. Kama nchi iko asilimia 40 mwaka 2025 na inataka 60 mwaka 2035, andika nyongeza ya asilimia 2 kila mwaka, na baada ya 2035 shikilia 60 hadi mwisho wa modeli. Weka pia kikomo cha ujenzi wa kila mwaka kwa kila aina ya mtambo. Hapo wakati mwingine programu itajibu kwamba hakuna suluhisho: ngazi ni kali kuliko mikono ya mafundi. Wageni wa kazi hii hulichukia jibu hilo na kulegeza vikomo mpaka programu ikubali. Naona ni jibu la heshima. Linasema kwamba ahadi na uwezo havijakutana, na ni afadhali ijulikane sasa kuliko 2034. Sifa ya tatu ya Laudate Deum, ile ya kufuatiliwa kwa urahisi, inakaa hapa: ahadi yenye ngazi inaweza kuulizwa kila mwaka, ahadi ya mwaka mmoja wa mbali haiulizwi mpaka walioitoa wamestaafu.

Wasioandikwa

Sasa nafika kwenye jambo linalotugusa zaidi sisi tunaosoma Mafundisho Jamii ya Kanisa. Asilimia ni sehemu ya jumla, na jumla hiyo ni mahitaji ya umeme. Modeli haiyatafuti mahitaji; inapewa. Anayeyaandika ni mtu.

Rudi kwenye nchi yetu ya mfano. Ile milioni 1,000 ilitoka wapi? Tuseme ni ya watu waliounganishwa tayari, na kuna vijiji ambavyo vikiunganishwa vitahitaji uniti milioni 200 zaidi. Bila vijiji hivyo, maji pamoja na uniti milioni 300 za jua yanatosha kufikia asilimia 60. Pamoja navyo, jumla ni milioni 1,200, asilimia 60 ni milioni 720, na jua linapaswa kuwa milioni 420. Njia rahisi kuliko zote ya kufikia lengo la umeme jadidifu ni kuwaacha maskini gizani. Hakuna atakayeliandika hilo katika ripoti, na huenda hakuna aliyelikusudia. Linatokea tu pale mahitaji ya vijijini yanapokadiriwa kwa kuangalia wanachotumia leo, yaani balbu mbili na chaji ya simu, badala ya wanachostahili: mashine ya kusaga, friji ya chanjo katika zahanati, maabara ya shule. Papa Francisko katika Laudato Si' alikataa kukitenganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Ndani ya modeli, vilio hivyo viwili viko katika safu mbili tofauti za jedwali, na anayejaza moja bila nyingine amevitenganisha.

Viongozi wa Afrika waliokutana Dar es Salaam mwishoni mwa Januari 2025 waliunga mkono mpango wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Lengo hilo na lengo la asilimia yapaswa kuwekwa katika modeli moja, kwa pamoja, ndipo gharama ya kweli ionekane.

Wapo wengine wasioonekana. Wakulima wa bonde la chini la Rufiji wamelima mlau kwa vizazi, wakipanda katika udongo unaobaki na unyevu baada ya mafuriko kupungua. Kwa modeli, bwawa ni megawati, gharama na maji yanayoingia. Mlau haumo, mpaka mtu aandike sharti la kiasi cha maji kinachopaswa kuachiwa mto kila mwezi. Likiandikwa, modeli itatii na kuonyesha gharama yake, kama inavyotii lengo lolote.

Pia wapo wadogo wanaopotea kwa sababu ya udogo wao. Masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma, walijenga mtambo wa maji wa Tulila kwenye mto Ruvuma wenye megawati 5, na kuuza umeme kwa TANESCO katika eneo lililokuwa likitegemea jenereta za dizeli kabla gridi ya taifa haijafika Songea. Katika modeli ya taifa megawati 5 ni tarakimu inayofutwa wakati wa kukadiria. Lakini modeli iliyochora Songea kama kisiwa, kama ilivyokuwa wakati ule, ingeona kwamba uniti moja ya Tulila haikuchukua nafasi ya gesi ya bei nafuu ya Dar es Salaam. Ilichukua nafasi ya dizeli iliyosafirishwa kwa lori. Ndiyo sababu modeli nzuri huigawa nchi katika kanda, na ndiyo sababu parokia na mashirika ya kitawa yenye mitambo midogo yapeleke takwimu zao yanapoombwa, na hata yasipoombwa.

Mwisho ni jikoni. Zaidi ya asilimia 80 ya kaya za Tanzania zimekuwa zikipika kwa kuni na mkaa, na mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo la umeme jadidifu, hata likiwa asilimia 100, haligusi jiko hata moja la mkaa, kwa kuwa mkaa si umeme. Lakini familia zikianza kupikia umeme, mahitaji ya jioni yatapanda saa ileile ambayo jua limezama, na ile hesabu ya 40 na 220 inaanza upya. Malengo haya mawili yanavutana, na yakipangwa katika ofisi mbili zisizozungumza, kila moja litaonekana rahisi.

Frateri au mwalimu anayetaka kujaribu asiogope. OSeMOSYS inapatikana bure, na nchi yetu ndogo yenye bwawa, gesi, jua na betri inatosha kuwa zoezi la kwanza. Inaingia hata kwenye jedwali la kawaida la hesabu. Aanze bila lengo, aandike 142. Kisha apandishe lengo kidogo kidogo na kutazama ni wapi gharama inaruka. Halafu aongeze vijiji.